Inanga: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu jina lake na maana yake

Nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuna inanga imetundikwa ukutani karibu na mlango. Fundi umeme ameiuliza, mjumbe ameiuliza, na wanafunzi wa kidato cha pili huiuliza kila mwaka kana kwamba wamerithishana swali. Mmoja alidhani ni hori la kulishia kuku. Mwingine, mtoto wa mvuvi, alisema ni mtumbwi wa urembo. Nimechoka kuanza upya kila mara, kwa hiyo majibu nimeyaweka hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Inanga ni kitu gani hasa?

Ni ala ya nyuzi inayopigwa kwa vidole. Mwili wake ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa na kufukuliwa kama chano chembamba, kirefu kuliko upana wake, kwa kawaida kati ya sentimita 75 na mita moja na ushee. Ncha zote mbili zina meno yaliyochongwa, na juu ya meno hayo hupitishwa uzi mmoja mrefu. Huenda ncha hii, hurudi ile, hurudi tena, mpaka zipatikane nyuzi sita, saba, nane au zaidi. Watu wengi hulikosa hilo hata wakiiangalia kwa karibu: unaona nyuzi nane, kumbe ni mmoja. Haina shingo kama gitaa, haina ngozi kama ngoma, wala vigingi vya kukazia. Ukitaka kupandisha sauti ya uzi wa tatu, unavuta uzi ule kidogo kidogo kupitia kwenye meno, na wa nne unalegea. Unakwenda kuukaza wa nne, wa tano unalalamika. Ndiyo maana mpigaji hutumia muda mrefu kuiweka sawa, na wageni hudhani wimbo umeshaanza.

Jina lenyewe lina maana gani?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Watu wanataka nijibu kwamba “inanga” maana yake ni “sauti ya mababu” au kitu cha namna hiyo, kisha waende kukiandika kwenye fulana. Sina jibu hilo. Kwa Kiha, lugha ya Waha wa hapa Kigoma, na kwa Kirundi, inanga ni inanga, kama ng'ombe alivyo ng'ombe.

Ila maana ya neno haiishii kwenye kitu. Wahaya wa Bukoba, jirani zetu wa kaskazini, wanaonyesha vizuri zaidi. Kwao enanga ni ala, na pia ni utungo unaoimbwa kwa ala hiyo. Ukisikia kwamba mzee fulani anajua enanga tatu, hana ala tatu ndani. Ana tendi tatu kichwani, ndefu, za watawala na mashujaa na vifo vyao. Profesa M. M. Mulokozi, ambaye wengi tunamjua kwa riwaya za vijana, alizifanyia utafiti mrefu tendi hizo za Kihaya, na kwenye maandishi yake ala na utenzi vinakaa pamoja, havitenganishwi kirahisi. Kwa hiyo mtu akinibana sana, humwambia hivi: inanga ni maneno yaliyofungwa kwenye nyuzi. Si tafsiri ya kamusi, lakini ndivyo neno linavyotumika.

Mbona wengine wanasema inanga, wengine enanga, wengine nanga?

Ni neno moja. Lugha nyingi za ukanda huu wa maziwa huweka irabu mwanzoni mwa nomino, na Kiswahili hakiweki. Waha na Warundi husema inzu, Wahaya husema enju, sisi tunasema nyumba. Wao ingoma, sisi ngoma. Basi inanga, enanga na nanga ni ndugu wa baba mmoja, tofauti ni kofia tu. Ukivuka ziwa Kivu kwenda kwa Washi wa Kongo, neno limevaa kofia nyingine kabisa: lulanga. Ala ni ileile ya chano na nyuzi.

Kwa Kiswahili mimi naandika “inanga” kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndivyo inavyotamkwa huku kwetu. Ya pili inahusu bandari, na nimeieleza hapo chini.

Ina uhusiano na nanga ya meli?

Hapana. Kigoma kila mtu anaishi na nanga ya meli, ndiyo maana swali halikomi. Nanga inayotiwa na kung'olewa ilikuja pwani kutoka Kiajemi, kwenye neno langar, ikapanda bara pamoja na mabaharia na biashara. Inanga ya nyuzi ni neno la Kibantu lililokuwa huku bara. Yamekutana kwenye matamshi tu, kama abiria wawili waliokalia kiti kimoja kwenye treni ya kati wakitoka vituo tofauti.

Mzee mmoja pale Ujiji alinishikilia kwamba jina limetokana na umbo, eti ala inafanana na mtumbwi na mtumbwi una nanga. Nilimwachia ushindi kwa sababu kahawa ilikuwa yake. Lakini majina kufanana si undugu. Wavenda wa Afrika Kusini nao wana nanga yao, na hiyo ni filimbi ya tete inayopulizwa na kundi la watu katika ngoma ya tshikona. Haina hata uzi mmoja.

Kama ni neno moja, mbona ennanga ya Waganda ni ala tofauti?

Hapa ndipo jina linapokuwa na utamu. Ennanga ya Buganda si chano. Ni kinubi cha upinde: bakuli la mti lililowambwa ngozi, shingo iliyopinda kama mgongo wa mzee, nyuzi nane, kila mmoja na kigingi chake. Ukiziweka pamoja na inanga ya Kiha hutasema zimetoka ukoo mmoja. Hata hivyo Waganda na Waha wanaziita kwa jina moja.

Nadhani kinachoziunganisha ni kazi. Ennanga ilikuwa ala ya mtu mmoja mbele ya Kabaka, mfalme wa Buganda, akipiga na kuimba. Enanga ya Kihaya ililia mbele ya mukama, mtawala wao. Inanga ya Rwanda na Burundi ililia barazani kwa mwami, yaani mfalme, usiku, kwa sifa za ng'ombe na vita na ukoo. Ngoma ni ya uwanjani, inasema na umati mchana. Inanga inasema na wachache ndani ya nyumba. Jina lilishika pale, kwenye ile kazi ya mtu mmoja, nyuzi na maneno, na mafundi wa kila nchi wakachonga mti kwa namna yao. Wapo wanaopanga ala kwa umbo, na kwenye kabati la makumbusho wana haki. Wenye lugha walipanga kwa matumizi.

Kazi hiyohiyo inaeleza kwa nini leo wapigaji ni wachache. Angalia miaka. Rwanda ilifuta ufalme 1961. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu 1963, na huko wakaondoka bami (mwami wakiwa wengi) wa Buha, nchi ya Waha, na bakama wa Bukoba kwa pamoja. Mei 1966 jeshi la Uganda lilivamia ikulu ya Kabaka Mutesa wa Pili, akakimbilia Uingereza, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Novemba mwaka huohuo Burundi nayo ikawa jamhuri. Ndani ya miaka michache, kuanzia Kampala mpaka Kasulu, mwenye inanga alipoteza mwenyeji wa kumwita jioni. Watu husema redio iliiua. Redio iliikuta tayari haina pa kulala.

Je, ndiyo kinubi cha mfalme Daudi?

Kwenye Biblia ya Kirundi na ya Kinyarwanda, Daudi anapiga inanga, na ndiyo maana swali hili huja zaidi Jumapili. Wafasiri walifanya jambo la busara: walitafuta ala ya nyuzi inayolia mbele ya mfalme, wakaikuta, wakaiandika. Aliyesoma Kirundi alielewa papo hapo Sauli alikuwa anatulizwa na nini.

Lakini ala ya Daudi kwa Kiebrania ni kinnor, na kinnor ilikuwa na mikono miwili iliyosimama na mti uliolazwa juu, nyuzi zikishuka kutoka kwenye mti huo. Ukitaka kuona ndugu yake Tanzania usije Kigoma, nenda Mara ukaangalie litungu la Wakurya, au vuka kwa Wajaluo ukaangalie nyatiti. Zaburi ya 137 inasema “tulivitundika vinubi vyetu” mitini. Litungu utalitundika kwenye tawi bila shida kwa ule mti wake wa juu. Inanga yangu mimi imehitaji misumari miwili na kamba.

Na kinanda je? Si neno hilohilo?

Kinanda kina hadithi yake. Leo ukisema kinanda, mtu anaona kile cha kanisani au cha bendi. Zamani pwani kilikuwa ala ya nyuzi ya kupigwa kwa vidole. Lamu na Mombasa walicheza kinanda kwa gambusi, ala ya nyuzi ya pwani, na kamusi za karne ya 19 zinalieleza neno hivyo. Zaburi ya 33 ya Kiswahili bado imehifadhi maana hiyo: “kwa kinanda cha nyuzi kumi mwimbieni sifa.” Msomaji wa leo hufika hapo akakwama, anajiuliza kinanda chenye nyuzi kumi kinapigwaje na kinachomekwa wapi.

Kwa hiyo ukimwita mpiga inanga “mpiga kinanda” hujamtukana, umemvisha tu nguo ambayo pwani waliivua zamani.

Na zeze?

Hapana. Zeze la kudonoa, lililoenea Tanzania ya kati na ya magharibi, Tabora ikiwemo, ni ubao mwembamba wenye kibuyu mgongoni. Kibuyu hukaa kifuani kwa mpigaji na kifua kinakuza sauti. Wamadagaska wanalo pia na wanaliita jejy, jina ambalo halihitaji maelezo. Kuna na zeze la upinde la Wagogo, lile alilolipeleka Hukwe Zawose duniani, ambalo linasuguliwa. Mnyamwezi na Muha wakibishana zeze na inanga lipi tamu, mimi huondoka.

Kwa nini mpigaji wa Burundi ananong'ona badala ya kuimba?

Watu wakisikia rekodi kwa mara ya kwanza huniambia spika yao imeharibika. Haijaharibika. Ni mtindo, inanga ya kunong'ona, na ni moja ya mambo ya ajabu yanayofanywa na koo la binadamu na kipande cha mti.

Jaribu sasa hivi. Nong'ona wimbo wowote unaoujua. Utaona huwezi kupanda wala kushuka, kwa sababu mnong'ono ni upepo tu. Nyama za kooni hazitetemeki, na bila kutetemeka hakuna sauti ya juu wala ya chini. Tena Kirundi, kama Kiha, ni lugha ya toni. Neno “inda” laweza kuwa tumbo, laweza kuwa chawa, inategemea umelipandisha wapi. Mtu anayenong'ona kwa lugha kama hiyo amejifunga mikono.

Inanga ndiyo inayomfungua. Vidole vinapiga noti zinazofuata mwendo wa maneno, mnong'ono unapita juu yake, na sikio la msikilizaji linaviunganisha. Unaapa kwamba umesikia mtu anaimba kwa sauti nzito ya chini. Hajaimba. Mtafiti Cornelia Fales aliuchunguza mtindo huu na kuonyesha kwamba kuimba huko kunatokea kichwani kwa msikilizaji: noti ni za mti, maneno ni ya mdomo, sikio linavipa mwenyewe mmoja. Mimi niliposoma hayo nilirudia rekodi yangu mara nne usiku, nikijua kabisa ninadanganywa, na nikadanganyika mara zote nne.

Ndiyo maana pia siipendi inanga ikiwekwa kwenye maharusi yenye spika za kutikisa bati. Haikuumbwa kwa ajili hiyo. Iache hadi wageni wa mbali waondoke, zima jenereta, kaa karibu.

Ni ya Waha au ya Warundi?

Mpaka wa Manyovu, kati yetu na Burundi, ulichorwa na Wazungu waliokuwa hawajui ala. Kiha na Kirundi vinasikilizana, ng'ombe walikuwa wakivuka, mabibi harusi walikuwa wakivuka, na inanga ilivuka nao. Burundi imebaki na umaarufu kwa sababu ya mtindo wa kunong'ona na kwa sababu rekodi nyingi zimefanywa huko. Lakini huku Buha nako, falme za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na bami wao na mabaraza yao. Ongeza kambi na makazi ya wakimbizi, kuanzia Ulyankulu kule Tabora baada ya 1972 hadi Nyarugusu, na utaona swali la “ya nani” linavyochosha. Anayeipiga ndiye mwenyewe.

Wanawake wanaipiga?

Wanaipiga. Mpigaji anayejulikana zaidi Rwanda siku hizi ni mwanamke, Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa na baba yake, Kirusu Thomas, naye fundi mkubwa wa inanga. Wazee wa zamani watakwambia ilikuwa ya wanaume. Basi, ilikuwa.

Mti gani, na nyuzi za nini?

Burundi mti unaosifiwa ni umuvugangoma, ambao sehemu nyingine za Tanzania tunauita mringaringa. Jina lake la Kirundi limebeba ngoma ndani yake, na kweli ndio unaochongwa ngoma pia. Ni mwepesi kuchonga na unalia.

Nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa au matumbo ya ng'ombe, zilizokaushwa na kusokotwa. Leo ni nailoni au waya. Mimi natumia mshipi wa kuvulia, ninaununua Kibirizi kwa wauzaji wa vifaa vya uvuvi, ule unene wa kukamatia samaki wakubwa kuliko migebuka. Muuzaji akiniuliza natoka na mtumbwi gani, namwambia natoka na wangu, upo ukutani.

Onyo kwa mwenye haraka: inanga yangu ya kwanza niliichonga kwa mwembe uliokatwa wiki hiyohiyo. Nilijivuna nayo siku tisa. Usiku wa kumi ilitoa mlio mmoja mkubwa, peke yake, na asubuhi nikakuta ufa kutoka meno hadi meno. Mke wangu anasema ndiyo noti bora niliyowahi kuipata kwenye ala ile. Mti ukauke kivulini, miezi kadhaa, si juani.

Tunasema kupiga inanga au kucheza inanga?

Kupiga. Ukicheza, unacheza mwili, na nyuzi zinabaki zilivyo. Wahaya husema okuteera enanga, na kuteera kwao ni kupiga. Gitaa tunalipiga, tunalicharaza, tunalikung'uta; inanga nayo inapigwa na inacharazwa, ila kuikung'uta hapana, labda utoe vumbi. Kwenye upatanisho ni inanga yangu inalia, inanga zetu zinalia.

UNESCO wameitambua?

Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia kwenye orodha mwaka 2014, ile ya umati wa wapigaji na mapigo ya kuruka. Ni haki yake. Inanga yenyewe haijaandikishwa hivyo, na nikiangalia tabia ya ala yenyewe sishangai: mtu mmoja, amekaa, ananong'ona, utampigaje picha?

Naweza kuisikia wapi?

Rekodi za zamani za ukanda huu alizozifanya Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950, zimehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwenye intaneti andika inanga pamoja na Burundi na Rwanda, kisha enanga pamoja na Bukoba, usikilize moja baada ya nyingine ukiwa umevaa spika za masikioni. Utasikia Warundi wanakwenda chini na Wahaya wanasimulia kwa sauti wazi.

Ukiwa Kigoma, pita jioni baada ya isha, si mchana. Mchana pikipiki za Mwanga zinaimba kuliko mimi, na bado uzi wa nne unanisumbua.